Alama ya Kamba Juu ya Jade

Beijing, karakana za kasri
Tarehe tisa ya mwezi wa pili, mwaka wa arobaini wa enzi hii

Dada Suyun,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na kabla ya wote namsalimu Baba, ambaye natumaini bado ana nguvu za kugombana na majirani. Msomee barua hii kwa sauti, wala usiruke mahali. Mwambie nimefika salama, nimevaa fulana nzito kama alivyoagiza, na ninalala juu ya kitanda cha matofali chenye moto chini yake. Huku ni vumbi na nyama ya kondoo, kondoo na vumbi. Sisi wasaga jade wa Suzhou tulioletwa hapa tunapikiana wali baada ya kazi, tunawasengenya wapishi wa kasri, tunalala.

Sasa mwambie Baba akae vizuri.

Jana msimamizi wetu, towashi Wei, aliniletea sanduku. Alitoa kitu akakiweka juu ya kitambaa, akarudi nyuma, ndipo nami nikakichukua. Hapa kama kwetu, hatupokezani jade mkono kwa mkono. Ikianguka katikati, nani atajibu? Ni kisahani cha jade, upana wake kama sahani ya samaki, chenye tundu katikati. Hakina joka, hakina wingu, hakina ua. Ni kitupu kabisa. Rangi yake ni kijani kilichochoka, na upande mmoja udongo wa kaburini umekiingia ukageuka hudhurungi, kama chai iliyomwagikia nguo. Wasomi wa maktaba wameshindwa kukitaja umri. Dada, mimi nimeshika jade tangu sijaota meno, lakini nilipokishika hiki magoti yalinilegea. Nilikaa nacho mapajani nikaona haya hata kukipumulia.

Kazi yenyewe ni hii. Mwenye Enzi ametunga shairi la kukisifu kisahani, na hasa kuisifu ile rangi ya udongo, na ameamuru shairi lisagwe kwa gurudumu na mchanga juu ya uso wa jiwe, herufi kwa herufi. Nikimaliza vizuri nimeahidiwa ruhusa ya kurudi nyumbani. Lakini desturi ya karakana ni kwamba jiwe hung'arishwa kwanza mpaka liwe kioo, ndipo lisagwe maandishi. Na juu ya uso huu, ukikiinamisha kuelekea dirishani, kuna alama moja ya upinde, nyembamba sana, aliyoiacha mtu aliyelipasua jiwe hapo kale. Nikiking'arisha, alama inakwenda na hakuna wa kuirudisha. Nikikataa, kazi atapewa Huo, mwenzetu wa meza ya pili, ambaye hujisifu kwamba hakuna jiwe lililowahi kumchelewesha chakula cha mchana. Nifanye nini? Muulize Baba.

Mdogo wako,
Jinghe

*

Suzhou, mtaa wa wasaga jade
Tarehe ishirini ya mwezi wa tatu

Mdogo wangu Jinghe,

Barua yako imekuja na mashua za hariri, imelowa pembeni lakini inasomeka. Sisi huku hatujambo. Maua ya mipichi yamepukutika yote kwa mvua. Shemeji yako amenenepa, anasema ni hewa ya masika. Baba macho yake sasa hayaoni kitu, hata mwanga wa dirishani. Kikohozi kipo.

Nilimsomea barua mara moja, akaninyamazisha, akataka mkate wa mviringo wa ufuta. Nikadhani ana njaa. Kumbe aliutoboa katikati kwa kidole, akaushika mapajani kwa mikono miwili, akasema, "Haya, soma tena."

Nilipofika kwenye magoti yako, alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Magoti yake yamelegea! Mimi nilimfundisha kusaga kwa mikono au kwa magoti?"

"Baba, mwenzio anaogopa."

"Aogope! Asiyeogopa ni Huo. Namjua baba yake huyo. Ukoo mzima wana haraka kama wanafukuzwa na mbwa. Andika: Wewe punda, kabla hujaniuliza la kufanya, niambie umeona nini. Tundu limetobolewa upande mmoja au pande mbili? Ukitia kidole ndani, kuna kingo? Huo upinde unaanzia wapi, unaishia wapi, unazama wapi? Na ukilambe."

"Akilambe, Baba? Kitu cha Mwenye Enzi?"

"Kwani atakosa nini? Jade ina ladha ya mahali ilipolala. Wewe andika, acha maswali."

Basi nimeandika. Neno tamu usilitegemee, unamjua mzee wako. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hiyo ndiyo dini yake yote. Mimi nimemwandikia herufi za wino juu ya mawe yake tangu nikiwa msichana mdogo, na sifa kubwa niliyowahi kupata ni "Inasomeka." Lakini nikuambie kitu: tangu barua yako ije, haulizi tena kama mchele umeiva. Anauliza kama mashua za kaskazini zimeonekana.

Usianze kukata kabla hajakujibu.

Dada yako,
Suyun

*

Beijing
Tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano

Dada Suyun,

Salamu zangu ziwafikie wote, na Baba kwanza. Mimi mzima, isipokuwa tumbo, na hilo ni la kondoo.

Nimekilamba. Nilingoja towashi Wei ageuke kupiga chafya. Mwambie Baba kwanza ni chumvi kidogo, halafu tope, na si tope la hivi hivi. Ni lile tope la ziwani kwetu tulipokuwa tukizama mpaka mapajani kuchimba mizizi ya yungiyungi. Sisemi kimetoka kwetu. Nasema nilivyoonja.

Tundu limetobolewa pande mbili, na pande hizo hazikukutana sawasawa. Ndani kuna kingo nyembamba, kidole kinaihisi. Baba, nilipoigusa nilisahau niko wapi. Mtu alizungusha bomba, pengine la mwanzi, kwa mchanga na maji na viganja vyake. Akafika nusu, akakigeuza, akaanza upande wa pili bila kujua atatokea wapi. Akakosea kwa unene wa ukucha! Bila shaka alilaani. Nasi tukikosea hulaani vivyo hivyo.

Na ule upinde si wa gurudumu. Gurudumu letu huacha mstari ulionyooka. Huu umepinda kama kamba iliyolegea inavyopinda ikivutwa huku na kule. Ni kamba, Baba. Jiwe linaloshinda chuma, wao walilipasua kwa kamba iliyoloweshwa maji na kupakwa mchanga, mmoja ameshika huku, mwenzake kule, wanavutana. Upinde unaanzia karibu na tundu, unaelekea ukingoni, na kabla haujafika kuna mahali umezama kidogo, kisha umeinuka. Hapo mmoja alichoka, kamba ikalala, mwenzake akangoja. Nimekaa mchana kutwa na kidole changu juu ya mahali hapo. Hawa watu hawana jina, hawana kaburi linalojulikana, wala mtu wa kuwachomea ubani, lakini mimi najua mmoja wao alichoka na mwenziwe hakumwacha. Nililia, Dada.

Siku hiyo hiyo Wei alinionjesha utajiri wa Mwenye Enzi. Alifungua kabati lenye vyumba vidogo vingi, kila chumba na kitu chake. Niliona bakuli la jade jembamba hata nikauona mkono wa Wei kwa upande wa pili. Niliona mlima wa jade wenye misonobari na daraja, na juu ya daraja mzee mwenye fimbo, mdogo kuliko punje ya mchele, na kwa jinsi alivyoinama unajua mgongo unamuuma. Nikamuuliza Wei mlima huo umetoka wapi. Akasema, "Kwenu, bwana, kwenu Suzhou. Au hujui kwenu?" Nikashindwa kufunga mdomo. Lakini Wei alipokirudisha kisahani chetu kitupu katikati ya hayo yote, vingine vikawa kama watoto waliomwona babu yao anaingia, wakanyamaza.

Wei anauliza nitaanza lini kung'arisha. Nimemwambia mchanga haujachujwa vizuri. Uongo huu hautafika mbali.

Kikohozi cha Baba uliandika maneno mawili tu. Niandikie zaidi.

Jinghe

*

Suzhou
Tarehe mbili ya mwezi wa saba

Mdogo wangu,

Usishangae barua kuchelewa. Joto limekuwa kali na mambo ya nyumbani yamekuwa mengi. Watoto hawajambo, shemeji yako hajambo.

Jibu la Baba ni hili, nimeliandika kama lilivyomtoka. Usiking'arishe. Mwambie towashi kwamba ukisugua uso, rangi ya udongo itafifia, na Mwenye Enzi ameisifu rangi hiyo ndani ya shairi lake mwenyewe. Mwulize nani yuko tayari kuifuta. Hatabishana. Kisha usiyapange maandishi kama kwenye karatasi. Yazungushe kufuata ukingo, na mahali upinde unapopita uwape nafasi wale waliovuta kamba, herufi ziwapishe. Tumia gurudumu dogo kuliko yote, lile lenye ukubwa wa kichwa cha msumari, na mchanga wa mchujo wa mwisho. Ukianza usisimame. Litokee la kutokea, usisimame mpaka umekiweka chini.

Na anasema umefanya vizuri.

Kikohozi hakimsumbui tena. Anapumzika.

Suyun

*

Beijing
Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane

Dada yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako imefika. Niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaenda kukaa kwenye meza yangu.

Nimeanza. Wei alikuja na mdomo wake.

"Nani amekuambia usiking'arishe?"

"Shairi, mheshimiwa. Shairi limesifu rangi ya udongo. Ukitaka niitoe, niandikie kwa mkono wako kwamba umeagiza itoke."

Alinitazama, akatazama kisahani, akaenda zake kunywa chai. Huo wa meza ya pili alisema kwa sauti wote wasikie, "Wenzetu wanasaga jiwe, huyu anatunza mgonjwa." Nikamwambia kama ni mgonjwa basi atatuzika sisi sote.

Kazi inakwenda polepole. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, tone la maji linadondoka, mchanga unakula. Herufi moja ikiisha napumua. Nilikuwa nimeogopa mkono wangu utatetemeka. Hautetemeki. Sijawahi kuwa na mkono mtulivu kama huu, na sijui umetoka wapi.

Nyama nimeiacha, imenichosha, nakula wali na mboga. Wei amenikaripia kwamba sijanyoa paji la uso wiki kadhaa sasa, ninaonekana kama mwizi. Nimemwambia kinyozi wa hapa ana kisu kibaya.

Nakuomba jambo moja. Usiache kuniandikia maneno ya Baba. Hata yakiwa matusi. Hasa matusi.

Jinghe

*

Suzhou
Tarehe ishirini na tano ya mwezi wa tisa

Mdogo wangu Jinghe,

Sote wazima. Majirani wanasema kaa wa mwaka huu wamenona. Sisi hatujanunua. Maua ya krisanthemamu yamechanua uani bila kumwagiliwa na mtu.

Umeomba maneno ya Baba, haya yapokee. Anasema unashika gurudumu kama mtu aliyeshika mkia wa nguruwe, anaogopa kuuachia na anaona aibu kuonekana nao. Anasema kama unapumua kila herufi, basi ulikuwa hupumui katikati, na msaga jade aliyezimia hana faida kwa mtu. Anasema kunywa maji. Anasema usimjibu Huo, mtu mwenye haraka ni wa kuachiwa njia apite. Anasema punda akibeba vizuri bado ni punda. Anataka kujua umefika wapi, na kama umeugusa upinde usirudi nyumbani.

Nami kwa upande wangu nasema unyoe utakapoweza, lakini sikuharakishi.

Dada yako,
Suyun

*

Beijing
Tarehe tatu ya mwezi wa kumi na moja

Dada,

Kisahani nimekiweka chini.

Juzi asubuhi nilimaliza herufi ya mwisho, nikakiosha, nikakiinamisha kuelekea dirishani. Shairi linazunguka ukingo lote zima, na upinde unapita katikati yake haujaguswa. Pale ulipozama, pale alipochoka yule mtu, herufi mbili zimeachana zikampisha. Wei aliinama akatazama. Akaniomba, kwa adabu ambayo sikujua anayo, nimwoneshe ile kamba ilipopita. Nikamwonesha. Akaweka kidole juu yake, akakiacha hapo muda mrefu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Mimi nilisimama kando nikamshukuru Mungu wa Mbinguni kwamba niliwahi kuwa hai katika mwaka huu na kushika kitu hiki.

Kisha nikamwambia, "Mheshimiwa, nimefiwa na baba yangu. Naomba ruhusa."

"Umepata habari lini?"

"Leo."

Akanitazama kichwa, ambacho hakijaguswa na wembe kama cha mtu aliye matangani. "Nywele zako zilipata habari kabla yako," akasema. Halafu akaenda kuniandikia ruhusa.

Sasa nimevaa nguo za msiba na naandika hili mizigo ikiwa tayari. Dada, nilijua tangu barua yako ya mwezi wa saba. Ulisema kikohozi hakimsumbui, ulisema anapumzika, hayo ningeweza kujidanganya nayo. Lakini uliandika kwamba Baba amesema nimefanya vizuri. Baba! Hapo nilijua umeyatunga wewe kwa huruma yako, na kwamba yule ambaye angekukataza hayupo. Mtoto anayejua baba yake amekufa halafu akaendelea na kazi, mimi najua anaitwaje, na wewe unajua. Sikuuliza, kwa sababu ningeuliza ungenijibu, na ungenijibu ningepaswa kuacha kazi nikae matanga, na ningeacha Huo angeufuta ule upinde kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo tulidanganyana wote wawili, na sijui nani zaidi.

Nimekusamehe, nami unisamehe. Lakini nilikasirika, sitakuficha. Ungeniandikia matusi yake ningeyahifadhi. Yale ya mwezi wa tisa nimeyakunja nimeyaweka kifuani, kwa maana nilijiambia kwamba matusi yenyewe angalau aliyasema kabla hajafa, ukayaweka akiba, kisha ukayapanga yaijibu barua yangu. Lile la sifa nitajifunza kulisahau.

Mfereji wa huku umeganda, nakuja kwa gari la nyumbu mpaka kusini penye maji. Niandikie Yangzhou, kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na lango la mfereji.

Jinghe

*

Suzhou
Tarehe sita ya mwezi wa kumi na mbili

Kwa Tao Jinghe, akifika Yangzhou

Mdogo wangu,

Pole kwa baridi ya njiani, na pole kwa msiba, neno lililonikaa kooni tangu kiangazi. Sisi ni wazima. Jeneza la Baba liko hekaluni nje ya lango la magharibi. Hatujamzika. Nilisema tukungoje, na shemeji yako alikubali bila hata kuguna, mwenyewe unajua hilo si jambo dogo. Utamzika wewe, kama inavyompasa mwana.

Umenisema, nami nimekubali. Kumficha mtu kifo cha baba yake ni jambo zito na nitalijibia mbele ya wahenga wetu. Lakini ni yeye aliyeniagiza. "Akijua ataacha gurudumu," alisema, "na huyo mtoto wa mwenye haraka atakisugua mpaka kiwe kioo. Asijue mpaka akiweke chini." Mgonjwa akikushika mkono na kukuagiza hivyo, utamwambiaje?

Ila kuna jambo moja umekosea, na siwezi kungoja mpaka ufike mlangoni. Ile barua ya mwezi wa saba niliiandika tulipokuwa tumeshamfunika uso. Maneno ya mwezi wa tisa uliyoyaweka kifuani, mkia wa nguruwe, punda na mengine yote, ni yangu mimi. Niliyatunga nimekaa kwenye kiti chake, machozi yanadondokea wino, na nilijitahidi sana yafanane. Lile unalotaka kulisahau ndilo lake.

Ilikuwa asubuhi. Aliniambia nimsomee tena ile barua ya tundu na kamba. Alikuwa amelala, na kidole chake kilichora upinde juu ya shuka, kinakwenda, kinazama, kinainuka. Nilipofika kwa yule aliyechoka na mwenzake akamngoja, kidole kikasimama. Nikadhani amelala usingizi.

"Ameliona," akasema. "Mimi nimesaga maisha yangu yote nikiangalia mkono wangu tu. Huyu ameangalia mkono wa mtu mwingine. Mwambie amefanya vizuri."

Nikanyanyuka haraka kuchukua kalamu. Akanisikia nikisugua wino.

"Si leo, wewe!" akafoka. "Kichwa kitamvimba. Utamwambia nikishakufa."